Siku Niliyoshindwa Kutaja Jina la Mwanangu

Bwana asifiwe! Wa mbele mmeitika vizuri, ila ninyi mliokaa karibu na mlango mmekaa kama watu wanaowahi zamu ya maji. Bwana asifiwe tena! Haya, sasa tuko pamoja.

Naitwa Emanuel, baba Daniel, mkulima wa vitunguu hapa hapa Baray. Wengi wenu mnanijua zaidi kwa jina la uwanjani, Nyundo. Nimeshika karatasi, naomba msinicheke. Nimeuandika ushuhuda wangu wote kwa sababu kichwa changu siku hizi nakitendea kwa adabu. Mke wangu Paskalina, yule pale benchi la pili, ana nakala yake. Nikipotea njia, atakohoa.

Pembeni yake amekaa binti yetu mdogo, yule mwenye gauni la njano. Jina lake sitalitaja sasa hivi. Nivumilieni, nitalitaja mwisho, na mtajua kwa nini nimeliweka huko.

Ndugu zangu, nilikuwa beki wa kati. Tangu shule ya msingi nilikuwa mrefu kuliko wenzangu, mwalimu wa michezo akaniambia, wewe kazi yako ni moja, mipira yote ya juu ni yako. Nikalishika neno lile kama amri ya Mungu! Ikija kona, kichwa. Kipa wao akibutua, kichwa. Nyumbani nilifunga mpira kwa kamba kwenye boriti ya banda la vitunguu, na kila asubuhi niliupiga kichwa mara mia moja kabla ya chai. Mvua ikinyesha, mpira ukalowa ukawa mzito, ndiyo nilifurahi zaidi, nikisema leo shingo inapata mazoezi. Nikimaliza naona nyota, natikisa kichwa, nakunywa chai. Zile nyota nilidhani ni mwili unakomaa.

Na watu walinipenda, wacha niseme ukweli! Mpira ukipaa tu, uwanja mzima unaimba, "Nyundo! Nyundo!" Hata wazee wa kanisa waliimba, na wengine wamo humu ndani, wasijifanye wanatazama dari. Nilijiona nimefika. Nilikuwa naomba asubuhi na jioni, lakini mungu wangu halisi alikuwa ile sauti ya watu.

Timu yetu ilikuwa na daktari. Nasema daktari, lakini alikuwa Bwana Idrisa, mwenye duka la dawa za mifugo kule Karatu mjini, mtu mwema anayependa mpira kuliko chakula. Kwenye begi lake mlikuwa na maji baridi, soda, na ile dawa ya bluu ya kupulizia vidonda vya ng'ombe. Ukichanika, unapuliziwa bluu. Ukizimia, unamwagiwa maji kichwani, unafumbua macho, unapewa soda, halafu anakuonyesha mkono wake na kukuuliza, "Hiki ni nini?" Ukijibu mkono, umepona, rudi ndani. Mimi nilizimia mara tatu, hizo ninazozijua. Mara zote tatu nilirudi uwanjani nimelowa mpaka soksi, na watu wakapiga makofi. Simlaumu Idrisa hata kidogo. Hakuna aliyejua, na mimi mwenyewe mngenitoa ningekataa.

Miaka michache iliyopita tulialikwa mechi ya kirafiki Nainokanoka, kule juu hifadhini, kwa ndugu zetu Wamasai. Baridi ile wanaoijua wanaijua! Ukungu ulikuwa umeshuka, ng'ombe wakatolewa uwanjani kwanza ndipo tukaingia sisi. Mshambuliaji wao aliitwa Lemayian, kijana mrefu kama mimi, mwenye mbio. Kipindi cha pili ukaja mpira wa juu. Tukaruka wote wawili. Mpira ukapita zake, vichwa vikakutana.

Kuanzia hapo nawasimulia niliyoambiwa, maana mimi sikumbuki. Lemayian aliinuka akiyumba, akataka kuendelea. Wenzake wa rika lake wakamshika, wakamtoa. Na hakutoka peke yake! Watatu walitoka naye, wakaketi naye nje ya mstari, mmoja akamfunika shuka lake. Refa akawaambia aliyeumia ni mmoja, ninyi rudini. Wakamjibu, "Huyu hakai peke yake." Hawakuwa na wachezaji wa akiba, timu yao ikabaki na watu saba.

Tuliwacheka! Ndugu zangu, tuliwacheka mpaka tukashika mbavu. Tulisema hawa wamezoea kuchunga, mpira hawauwezi. Na mimi wakati huo nilikuwa chini, Idrisa ananimwagia maji. Akanionyesha mkono, akaniuliza hiki ni nini. Nikajibu, mguu. Wakasema, Nyundo kwa utani hajambo! Wakanisukuma ndani. Nikafunga goli la ushindi kwa kichwa. Wanasema ndilo goli zuri kuliko yote niliyowahi kufunga. Mimi mwenye goli sijaliona mpaka leo. Ninachokumbuka ni ukungu, halafu niko kitandani nyumbani, kesho yake, na matope bado yako magotini.

Baada ya hapo mambo yakaanza kuharibika polepole. Kichwa kiliuma kila siku. Jua la mchana lilinichoma macho. Sauti ya sahani tu ilinitia hasira. Siku moja Daniel aliangusha sufuria, nikamfokea mpaka akakimbilia kwa jirani na kujificha huko. Mimi, ambaye nilikuwa sijawahi kumpandishia mtoto sauti! Na zamu ya maji nikaanza kuisahau. Nyie watu wa Baray mnajua, mtu anaweza kukusamehe ukimtukana, lakini ukifungulia maji ya mfereji siku ambayo si yako, hapo umetafuta vita. Nilifungulia zamu ya mwenzangu mara mbili. Zamu yangu ilipofika, nikalala, vitunguu vikakauka. Watu wakasema Nyundo amekuwa jeuri.

Na bado nilicheza! Kila Jumapili tukitoka ibadani, naenda uwanjani, napiga kichwa. Paskalina aliniambia, "Baba Daniel, wewe siku hizi si wewe." Nikamwambia aniache, nimechoka tu.

Kisha Mungu akatupa binti. Furaha yangu siwezi kuisema. Jina nililichagua mwenyewe, jina la mama yangu mzazi, aliyenilea na kunifundisha kuomba. Tukaja naye kubatizwa, hapa hapa, mbele ya madhabahu hii. Desturi yetu mnaijua, baba ndiye anayejibu. Mchungaji akaniuliza, "Mtoto huyu anaitwa nani?"

Nikafungua mdomo. Hakuna kitu! Nikatafuta, nikatafuta. Nilijua ni jina la mama, nikaiona sura ya mama, nikaona mpaka kitenge chake, lakini jina halipo. Nikamtazama mtoto, nikamtazama Mchungaji. Mwisho Paskalina akalitaja yeye.

Ninyi mlikuwepo. Mlifikiri nini? Msiogope, wacha niwasemee mimi. Mlifikiri nimemkana mtoto! Baba anaulizwa jina la mwanawe mbele za Mungu, ananyamaza, basi mtoto si wake na amechagua kuwaambia watu kwa kunyamaza. Habari ilifika Endabash, nyumbani kwao Paskalina, kabla sisi hatujamaliza pilau ya ubatizo. Wiki haikuisha, shemeji yangu Tluway akaja na wazee wawili wa ukoo. Akaniambia, "Shemeji, umemwaibisha dada yangu kanisani. Tueleze."

Ningeeleza nini? Nani ataamini kwamba mtu mzima amesahau jina la mama yake mwenyewe? Niliona aibu, na aibu ikageuka hasira kama ilivyokuwa kawaida yangu siku hizo. Nikawafukuza. Nikamfukuza shemeji yangu na wazee wa watu nyumbani kwangu! Wakasema sawa, tunaondoka na mtoto wetu. Paskalina akambeba mtoto mgongoni, Daniel akamshika mkono. Mlangoni akageuka, akaniambia, "Sema tu umesahau. Mimi najua umesahau. Sema, nitabaki."

Kiburi, ndugu zangu! Nyundo asiyeanguka, aseme kichwa chake kimeshindwa? Akaenda.

Nikabaki peke yangu na vitunguu vilivyokauka. Wengine wakasema nimerogwa. Wengine wakasema ni pepo. Nikaja hapa kuombewa, na Mchungaji aliponiwekea mikono kichwani nililia kwa maumivu. Akaiondoa mikono mara moja, akaniambia, "Baba Daniel, tutaomba, na hospitali utaenda." Nikaitikia amina kwa sauti kubwa. Sikwenda.

Lakini Mungu hakuchoka na mimi! Siku ya mnada nilishuka Karatu mjini kununua vidonge vya kichwa, nikakatiza kwenye mifugo. Mtu akanishika bega. Mmasai mrefu, ana kondoo wanne wa kuuza. Akanisalimu kama anayenijua, mimi simjui. Akagusa kovu kwenye paji la uso wake. "Ni mimi. Tuligongana."

Ni Lemayian! Akaniuliza, "Ulipona?" Nikajibu kwa majivuno, nilipona siku ile ile, si nilifunga na goli? Akanitazama sana. Akasema, "Mimi sikupona siku ile. Nilitapika, nikalala siku nyingi. Wenzangu wakanipeleka zahanati, wakachunga ng'ombe wangu, wakanikataza kugusa mpira mpaka nilipokuwa mzima. Na wewe, nani alikaa na wewe?"

Swali lile, ndugu zangu! Nilitafuta jibu, nikakumbuka makofi tu. Nikalia pale pale katikati ya kondoo na watu wakinitazama. Mtu tuliyemcheka ndiye aliyetumwa na Mungu kuniuliza. Nikamweleza yote, mpaka habari ya ubatizo. Lemayian si mtu wa kanisani, wala hakunihubiria. Alimkabidhi mwenzake kondoo wake wote wanne, akaniambia, "Twende." Tukaenda hospitali kwa miguu, na njia nzima hakuniacha nyuma hata hatua moja.

Daktari alikuwa mama mpole. Akaniambia nitakutajia maneno matano uyashike: ng'ombe, kijiko, mlima, shati, asali. Tukazungumza kidogo habari za shamba, kisha akaniuliza maneno yale. Nikakumbuka ng'ombe. Moja tu, na nadhani ni kwa sababu Lemayian alikuwa amekaa mbele yangu! Akaniuliza nimegongwa kichwa mara ngapi maishani. Nikacheka, nikamwambia, mama, kugongwa kichwa ndiyo kazi yangu.

Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba fuvu ni gumu lakini ubongo ni laini, na ukigongwa, unatikisika humo ndani. Nje huoni jeraha, Bwana Idrisa hana pa kupulizia dawa. Akasema si lazima mtu azimie ndipo aumie. Hata vipigo vidogo vya kila siku, miaka na miaka, vinaweza kuudhuru, na wataalamu bado wanajifunza ni kwa kiasi gani. Na ukigongwa tena kabla ya kupona kile cha kwanza, hapo unaweza usiamke kabisa. Nikawaza mechi zote nilizocheza tangu Nainokanoka. Nikamuuliza, kumbukumbu itarudi? Akasema, "Sitakudanganya. Nyingi inaweza kurudi, yote siwezi kukuahidi. Ila ukiendelea na vichwa, unajimaliza." Hivyo ndivyo alivyosema, wazi wazi, na nilimshukuru.

Nikataka aniandikie barua nimpelekee shemeji. Lemayian akasema barua ya nini, twende wenyewe. Kesho yake tukaenda Endabash.

Baba mkwe alitupokea uani, uso umekaza. Tluway amesimama nyuma yake. Baba mkwe akamwangalia Lemayian, shuka lake na fimbo yake, akauliza, "Na huyu ni nani wako?" Kabla sijajibu, Lemayian akasema, "Mimi ndiye niliyempiga kichwa."

Jikoni kukasikika kicheko. Paskalina! Kicheko kile nilikuwa sijakisikia muda mrefu. Nikapiga magoti palepale kwenye vumbi. Nikasema, "Baba, sikumkana mtoto. Nilisahau jina lake. Hata sasa hivi navyoongea silikumbuki. Naumwa kichwa, na niliona aibu kusema." 

Haleluya! Kufunguliwa kwangu kulianzia pale. Maumivu yalikuwepo bado, jina halikuwepo bado, lakini ule mzigo wa kujifanya mzima ulidondoka. Paskalina akatoka jikoni na mtoto mgongoni, akaketi karibu yangu, akasema, "Nilikuwa nangoja neno hilo tu." Kisha akaninong'oneza, maana mnamjua mke wangu hana mchezo, "Na mpira basi." Nikasema basi. Tluway akaniinua kwa mkono wake mwenyewe, na wote tukala makande.

Tuliporudi, kitu cha kwanza Paskalina alichofanya ni kuchukua panga, akaenda bandani, akaikata ile kamba ya mpira. Mimi nikapumzika kama daktari alivyosema, kisha nikarudi kwenye kazi kidogo kidogo. Majirani, Mungu awabariki, pamoja na Tluway, wakanishikia zamu zangu za maji mpaka nikapata nguvu. Haikuwa rahisi. Siku tuliposikia uwanja unaimba, nilikaa ndani nimeziba masikio, natetemeka kama mlevi anayeacha pombe. Hasira ilikuja, nikawa natoka nje naizunguka nyumba mpaka ipite. Na kila asubuhi nilimuuliza mke wangu jina la mtoto. Alinitajia. Jioni limeshatoka.

Halafu asubuhi moja, miezi imepita, niko mferejini, zamu yangu kabisa, nimeikumbuka mwenyewe! Nikafungua maji, yakaingia kwenye matuta. Na jina likaja. Hivi hivi tu, likaja, na sauti ya mama yangu ndani yake. Nikatupa jembe. Nikakimbia mpaka nyumbani nikilitaja, na maji yakanifurikia matuta matatu. Paskalina aliponiona na matope alidhani kuna nyoka.

Leo niko vizuri, ndugu zangu. Sijawa kama zamani, sitawadanganya. Maneno mengine yananikimbia, na kwaya mkipiga ngoma sana mniwie radhi nikitoka nje kidogo. Lakini nalala. Nacheka na Daniel. Namjua mke wangu, namjua Mungu wangu, na najua siku ya zamu yangu.

Timu iliniomba niwe mwalimu wao. Nikakubali kwa sharti moja nililojifunza Nainokanoka. Anayegongwa kichwa anatoka, harudi siku hiyo hata akilia, wala hatoki peke yake. Mwenzake mmoja anatoka naye, anakaa naye, anamfikisha nyumbani na kwa mganga wa zahanati. Bwana Idrisa sasa ndiye wa kwanza kunyanyua mkono, mtoeni huyo! Dawa yake ya bluu amewarudishia ng'ombe. Kwenye fainali ya kata, wachezaji wa akiba wameisha, tulibaki tisa kwa ajili ya sharti hilo, tukafungwa dakika za mwisho. Mzee mmoja wa kanisa alinifokea mbele ya watu, simtaji, ameanza tena kutazama dari. Niliyapokea makaripio yake nikiwa na amani, maana beki wangu aliyetoka alikula chakula cha jioni kwao na kuwataja wadogo zake wote kwa majina.

Wazazi, mtoto akigongwa kichwa akasema anaona nyota, msimpigie makofi. Mtoeni. Kaeni naye. Na wewe uliye humu unayejifanya mzima, iwe ni kichwa, iwe ni moyo, iwe ni ndoa, mtumaini Bwana na useme. Mungu hakuniona mjinga niliposema nimesahau. Alikuwa ananingoja niseme, kama mke wangu mlangoni.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Paskalina. Namshukuru Lemayian, yule aliyesimama pale dirishani na shuka lake. Nilimwambia aje ndani aketi, akasema atasikia vizuri akisimama.

Hapa karatasi yangu inaisha, ndugu zangu. Jina sikuliandika, wala kwenye nakala ya mama Daniel halipo. Mama Daniel, usikohoe. Mchungaji, siku ile uliniuliza swali mbele ya kanisa hili, nikaondoka bila kukujibu. Leo nakujibu.

Mtoto huyu anaitwa Yuliana.

Yuliana, mwanangu, njoo kwa baba.